RAM ya GB 8 inasomeka GB 5.92, na muuzaji anasema kuna "grafiksi ya GB 5": hesabu hizi zinatoka wapi?

#1 MwalimuTukuyu (mwanzisha uzi)

Habari za majukumu, wanajukwaa. Nimenunua mjini Mbeya kompyuta mpakato iliyokwisha kutumika, yenye prosesa ya Ryzen 5 3500U, kwa ajili ya kuandaa mitihani, kujaza matokeo na kuwaonyesha wanafunzi wa kidato cha pili video za maabara kwa projekta. Kibandiko kilichopo pembeni ya kipanya kinasema RAM ni GB 8, na muuzaji alinionyesha hivyo hivyo dukani.

Nilipotulia nyumbani nikafungua ukurasa wa taarifa za mfumo kwenye Windows, nao ukaandika "8.00 GB (5.92 GB usable)". Nikaingia Task Manager. Upande wa memori kuna mstari wa "Hardware reserved" unaosoma GB 2.1. Upande wa GPU, yaani grafiksi, kuna mstari wa "Dedicated GPU memory" unaosoma GB 2.0, mwingine wa "Shared GPU memory" unaosoma GB 3.0, na jumla yake imeandikwa GB 5.0. Nilimpigia simu muuzaji, akanijibu kwa kujiamini kabisa kwamba mashine ina RAM ya GB 8 na grafiksi ya GB 5, kwa hiyo nimepata GB 13 kwa bei ya nane na ninapaswa kumshukuru. Mwalimu mwenzangu ana kompyuta ya Intel yenye RAM ya GB 8 pia, lakini yake inasoma GB 7.88.

Ninaomba mnisaidie kuelewa mambo mawili. GB 2 zangu zimekwenda wapi, na je, zinarudishika? Na hiyo grafiksi ya GB 5 ipo kweli, au ni maneno ya biashara?

#2 FundiKabwe

Mwalimu, pole na hongera kwa pamoja. RAM yako haijaibwa. Ulichouziwa ni jumla isiyojumlishika. Nitaeleza kwa kirefu, maana swali hili hunifikia mezani hapa Kabwe kila mteja anapofungua Task Manager kwa mara ya kwanza.

Tuanze na kilichomo ndani ya kasha. Ryzen 5 3500U ina grafiksi yake, Vega 8, ndani ya prosesa yenyewe. Grafiksi hiyo haina chipu zake za memori hata moja, na kwenye mazabodi hakuna mahali pa kuziweka. Kila picha inayoandaliwa kwa ajili ya kioo, kila fremu ya video na kila dirisha unalofungua hukaa ndani ya vipande vilevile vya RAM ambavyo Word na kivinjari chako vinavitumia. Kwa hiyo memori iliyomo ndani ya mashine yako ni GB 8, basi, na namba zote ulizoziona ni njia mbalimbali za kuikata na kuihesabu hiyo GB 8 moja.

Kipande cha kwanza hukatwa kabla Windows haijaamka. Ukibonyeza kitufe cha kuwasha, BIOS, ile programu ndogo inayoiamsha mashine kabla ya Windows, huipima RAM, kisha hutenga eneo, ambalo kwenye mashine yako ni GB 2, na kulikabidhi kwa grafiksi. Baada ya hapo huipa Windows ramani ya memori inayoonyesha ni maeneo gani inaruhusiwa kuyatumia na ni yapi haipaswi kuyagusa. Fanya hesabu mwenyewe: MB 8192 ukitoa MB 2048 zinabaki MB 6144, ambazo ni GB 6 kamili. Zile MB 80 hivi zinazokosekana hadi kufikia 5.92 ni vieneo vidogo ambavyo BIOS na vifaa vingine huvishikilia kwa kazi zao. Ndiyo sababu "Hardware reserved" inasoma 2.1 wakati memori iliyotengwa kwa grafiksi inasoma 2.0. Hizo namba mbili zinaeleza kitu kimoja, moja ikiwa imebeba na makombo.

Hiyo GB 3.0 ya "Shared" ni jambo la aina nyingine kabisa, na hapa ndipo watu wengi hupotea. Hakuna eneo lolote lililokatwa kwa ajili yake. Ni kikomo. Windows huiruhusu grafiksi kuazima RAM ya kawaida pale GB 2 zake zinapojaa, na kikomo cha kuazima huwekwa kuwa nusu ya memori ambayo Windows yenyewe inaiona. Nusu ya 5.92 ni 2.96, nayo kwenye kioo huandikwa 3.0. Mtu akiwa kwenye VICOBA akaambiwa anaweza kukopa hadi laki tatu, hawezi kwenda sokoni akisema ana laki tatu mfukoni. Ni ruhusa tu, na fedha zenyewe bado zimo kwenye mfuko ambao wanachama wengine nao wanautegemea. Grafiksi ikiazima MB 400, MB 400 hizo hupungua kwenye RAM ya programu zako, na programu iliyozihitaji ikifungwa hurudi.

Sasa tazama alichofanya muuzaji wako. Alichukua 2.0 zilizokatwa kutoka kwenye nane, akaongeza 2.96 za ruhusa, ambazo nazo zimo ndani ya nane, akapata 4.96 inayoandikwa 5.0, kisha akaijumlisha tena na nane. Karibu GB 5 zimehesabiwa mara mbili. Simwiti mwongo, kwa sababu Task Manager yenyewe ndiyo iliyoandika hiyo jumla ya 5.0, na asiyejua chanzo chake atausoma mstari ule kama ulivyo. Na desturi hii ina umri wake: mwaka 2004 NVIDIA ilileta kadi za TurboCache, na ATI ikawa na za kwake za HyperMemory, ambazo zilikuwa na memori ndogo sana juu ya kadi yenyewe, nyingine MB 16 au 32 tu, lakini zikatangazwa kwa namba kubwa zaidi iliyohesabia na RAM ambayo zingeazima kwenye kompyuta.

Kuhusu kompyuta ya Intel ya mwenzako, ile nayo haina memori ya picha ya peke yake. Tofauti ni kwamba Intel hukata kidogo sana wakati wa kuwasha, mara nyingi MB 32 au 64, halafu kinachobaki huchukuliwa kadiri kazi inavyodai. Mwambie aandike dxdiag, programu ya Windows ya kukagua vifaa, kwenye sehemu ya kutafutia, afungue ukurasa wa kioo, kisha alete hapa namba atakazoziona.

#3 KijanaMafiati

Kwa heshima zote, Fundi, mbona maelezo yamekuwa marefu wakati tatizo ni dogo? Mimi nilikuwa na kompyuta ya mezani yenye RAM ya GB 4, ikawa inasoma 3.25. Niliifuta Windows ya biti 32, nikaweka ya biti 64, na memori yote ikarudi bila kuigusa BIOS. Mwalimu aweke upya Windows ya biti 64 na hizo GB 2 atazipata.

#4 MwalimuTukuyu

Ahsante sana, Fundi. Ndaga fijo.

Nimekaa na mwenzangu tukafungua dxdiag kwenye ile ya Intel. Inasema "Display Memory (VRAM)" ni MB 128 na "Shared Memory" ni MB 4035. Lakini Task Manager ya kompyuta hiyo hiyo haina kabisa mstari wa memori iliyotengwa; ina ule wa "Shared" peke yake, unaosoma GB 3.9. Programu mbili za Windows, kompyuta moja, majibu mawili.

Kwa ndugu wa Mafiati: nimeangalia, na Windows yangu ni ya biti 64 tayari.

#5 MnyaluKihesa

Kamweneni. Ninafundisha TEHAMA hapa Iringa, na ninadhani Fundi na kijana wa Mafiati wote wawili wamesema kweli, isipokuwa wanazungumzia magonjwa mawili yenye dalili moja. Naomba niyatenganishe, maana ushauri wa ugonjwa mmoja haufai kwa mwingine.

Kwenye mashine ya Mwalimu, memori imechukuliwa kweli na inatumiwa na kifaa kingine, ambacho ni grafiksi. Kwenye mashine ya kijana wa Mafiati, huenda hakuna aliyeichukua memori. Kilichokosekana ni anwani za kuifikia. Prosesa haiioni RAM kama vipande vilivyochomekwa kwenye sloti, bali kama mfululizo mrefu wa anwani, kila baiti na anwani yake. Anwani ya biti 32 inaweza kuandikwa kwa namna 2 kwa kipeo cha 32, yaani 4,294,967,296, na hiyo ndiyo GB 4 kamili. Hapo hakungekuwa na tatizo kama RAM ingekuwa peke yake. Lakini kadi ya picha, kadi ya mtandao, chipu ya BIOS na vifaa vingine navyo hufikiwa na prosesa kwa anwani zilizomo ndani ya mfululizo huohuo, na kwa desturi hupewa zile za juu, karibu na mwisho wa GB 4. Kadi ya picha peke yake kwa kawaida huomba dirisha la MB 256. Ukivijumlisha vyote, robo tatu ya gigabaiti inakwisha bila shida, na baiti za RAM ambazo zingestahili anwani hizo zinabaki ndani ya kipande zikiwa nzima, zina umeme, na hakuna anayeweza kuziita. Hapo ndipo 3.25 inapotoka.

Mazabodi nyingi zilizokuja baadaye zina uwezo wa kuihamisha sehemu hiyo ya RAM na kuipa anwani zilizo juu ya GB 4, na Windows ya biti 64 huzifikia bila taabu. Kwa hiyo ndugu yetu aliifuta ile ya 32, akaipata memori yake, na alistahili kuipata. Ila asimwambie kila mtu kwamba hilo hutokea daima. Hapa mkoani bado zipo kompyuta za mezani zenye chipseti (chipu za mazabodi zinazoiunganisha prosesa na RAM) ya Intel 945, ambayo njia zake za anwani ni biti 32 tu. Hiyo hata ukiiwekea Windows ya biti 64 na vipande viwili vya GB 2, itaendelea kusoma tatu na ushee. Shule inayopewa msaada wa mashine za aina hiyo isitumie fedha kununua RAM ya kufikisha nne ikitarajia kuziona zote.

Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniuliza kwa nini hata biti 32 zenyewe zisivuke GB 4 wakati prosesa zinaweza, na alikuwa na hoja. Tangu Pentium Pro ya mwaka 1995 kulikuwa na mbinu ya PAE iliyotoa anwani za biti 36, zinazotosha GB 64. Matoleo ya Windows ya seva yaliitumia. Yale ya watumiaji wa kawaida Microsoft iliyafungia kwenye GB 4, kwa maelezo kwamba draiva nyingi, yaani programu za kuviendesha vifaa, zilikuwa zinaivuruga mashine zinapokutana na anwani zilizo juu ya hapo. Uwezo ulikuwepo; uamuzi ndio uliouzuia.

Jambo jingine linaloongeza mkanganyiko ni kwamba namna ya kuripoti ilibadilishwa katikati ya safari. Windows Vista ilipotoka, ukurasa wa mfumo ulionyesha memori inayotumika peke yake, na watu wakalalamika kwamba walilipia nne wakapewa tatu. Kwenye SP1, sasisho kubwa la kwanza la Vista, la mwaka 2008 Microsoft iliugeuza ukurasa huo uonyeshe memori iliyosakinishwa. Windows 7 ikaziandika zote mbili pamoja, iliyosakinishwa kwanza na inayotumika kwenye mabano, na ndiyo maandishi anayoyaona Mwalimu leo. Mabano yale yaliwekwa ili kupunguza maswali, lakini naona yameyazidisha.

Sasa ile MB 128 ya mwenzake Mwalimu. Zidisha 4035 kwa mbili, unapata 8070, na hiyo ndiyo memori ambayo Windows inaiona, yaani GB 7.88. Toa 8070 kwenye 8192, inabaki 122. Kama MB 128 zingekuwa zimekatwa zote wakati wa kuwasha, memori inayokosekana isingeweza kuwa 122, tena hapo bado hatujaihesabia BIOS chochote. Kwa hiyo MB 128 ni tangazo la draiva kwa programu zinazouliza "una memori ya picha kiasi gani?", na dxdiag imelipokea tangazo hilo jinsi lilivyo. Task Manager haikumuuliza draiva swali hilo. Imetazama maeneo ambayo Windows yenyewe inayasimamia, ikaona hakuna lililotengwa, ikauacha mstari.

#6 FundiKabwe

Mkufunzi, umenirahisishia kazi. Hesabu ya 122 sikuwahi kuifanya, na nitaitumia dukani.

Nirudi kwa Mwalimu kuhusu kuzirudisha zile GB 2. Zinarudishika pale tu BIOS inapokuruhusu. Ukiingia kwenye BIOS wakati wa kuwasha, tafuta mstari unaoitwa "UMA Frame Buffer Size", yaani kiasi kinachotengwa kwa grafiksi. Ukiwepo, weka MB 512, hifadhi, washa upya, na ukurasa wa mfumo utasoma karibu GB 7.4. Bahati mbaya kompyuta mpakato nyingi mstari huo umefichwa na mtengenezaji, na hakuna njia halali ya kuufikia kutoka ndani ya Windows. Utakutana na video mitandaoni zikikuelekeza ufungue msconfig na kuweka tiki kwenye "Maximum memory". Usihangaike nayo, kwani mpangilio ule huwekea kikomo memori ambayo Windows itatumia na wala hauongezi chochote. Kinachorudisha memori kwa wanaoisifia ni kwamba waliwahi kuweka kikomo hicho bila kujua, wakakiondoa. Wengine watakushauri kuingiza BIOS iliyochezewa. Mashine zilizokufa kwa njia hiyo ninazo kwenye rafu, na wenye mashine hawarudi kuzichukua.

Utajiuliza kwa nini mtengenezaji akate GB 2 nzima wakati kazi yako ni mitihani na projekta. Fremu moja ya kioo cha 1366 kwa 768, kwa baiti nne kila nukta, ni baiti 4,196,352, yaani MB 4. Ya projekta ya 1920 kwa 1080 haifiki MB 8. Hata ukiweka fremu kadhaa za video zilizokwisha kufunguliwa na picha za madirisha yote, kwa matumizi yako MB 512 pamoja na ruhusa ya kuazima zinatosha. GB 2 huwekwa zaidi kwa ajili ya michezo, kwa sababu ipo michezo inayotazama memori iliyotengwa peke yake na kukataa kuanza ikiona ni ndogo, hata kama ile ya kuazima ingetosha. Yaani unalipa kodi ya mchezo usioucheza.

Kama BIOS yako imefungwa, dawa iliyobaki ni kuongeza RAM, na hapa kuna faida ambayo wauzaji hawaisemi. Kwenye Task Manager, ukurasa wa memori, angalia mstari wa "Slots used". Ikisoma "1 of 2", maana yake GB 8 zako ni kipande kimoja. RAM ya DDR4 ya 2400 hupitisha baiti 8 kwa mkupuo, mikupuo milioni 2400 kwa sekunde, hivyo kipande kimoja kinatoa GB 19.2 kwa sekunde, ambazo prosesa na grafiksi wanagawana. Ukiweka cha pili kwenye sloti ya pili, njia zinakuwa mbili na jumla inafika GB 38.4 kwa sekunde. Kadi ya picha yenye memori yake ya GDDR5 haitaona tofauti kubwa, lakini Vega 8 inayoishi ndani ya RAM utaiona ikifufuka.

#7 DadaPichaIringa

Hamjambo. Mimi ni mhariri wa video za harusi na send-off, nipo Mlandege. Nimesoma yote na nina swali la upande wa pili, wa sisi wenye kadi ya picha ya kuchomeka.

Kompyuta yangu ya mezani ina RAM ya GB 16 na kadi ya GTX 1650 ya GB 4. Task Manager inaniandikia 4.0 za kutengwa, 8.0 za pamoja, na jumla ya 12.0. Je, programu yangu ya kuhariri inaweza kutumia hizo 12? Kwa sababu ninapoweka tabaka nyingi za video ya 4K, mstari wa 4.0 unajaa, ule wa pamoja unaanza kupanda, na hapo hapo kila kitu kinakuwa kizito.

Pia niwatahadharishe wenzangu. Kabla ya hii niliagiza mtandaoni kadi iliyoandikwa GTX 1050 Ti ya GB 4. Windows iliisoma kwa jina hilohilo na kwa GB 4 zilezile, lakini kila kazi ikipita ukubwa fulani kioo kilikuwa kinaganda kikiwa na rangi za ajabu na kompyuta inazima. Muuzaji hakupatikana tena. Ninachotaka kujua ni kwamba, ikiwa BIOS na Windows zinasoma namba, namba hiyo inawezaje kuwa ya uongo?

#8 MnyaluKihesa

Dada, hilo la mwisho ndilo kiini cha uzi mzima. Windows haiendi kuzihesabu chipu za memori juu ya kadi. Inauliza, na inayojibu ni programu ndogo iliyohifadhiwa kwenye kadi yenyewe pamoja na draiva. Mtu akiibadilisha programu hiyo, kadi ya zamani itajitambulisha kwa jina jipya na kwa memori isiyokuwa nayo, na hakuna atakayegundua hadi siku kazi inapojaribu kuandika mahali ambapo hapapo. Kadi nyingi bandia za 1050 Ti ni za kizazi cha Fermi, kama GTS 450, zilizobadilishwa jina. Alama ya nje inayosaidia ni tundu la VGA: kizazi cha Pascal, ambacho 1050 Ti halisi ya mwaka 2016 ni mmojawapo, hakina njia ya kutoa picha ya analogia, kwa hiyo ukiona kadi ya jina hilo ina tundu la bluu la VGA, iache. Programu ya bure ya GPU-Z, tangu mwaka 2018, nayo huzitambua nyingi za NVIDIA za aina hiyo na kuziandikia neno la kuonya mbele ya jina.

Na kuna uongo usio na mwongo. Baadhi ya programu za kukagua vifaa huisoma memori ya picha kutoka kwenye kipengele cha WMI (sehemu ya Windows inayotoa taarifa za mashine) kiitwacho AdapterRAM, ambacho kimetengewa biti 32. Mmeshaiona namba hiyo hapo juu: ukomo wake ni GB 4. Kadi ya GB 8 ikisomwa kwa njia hiyo itaonekana kuwa na karibu GB 4, na mnunuzi asiyejua anaweza kugombana bure na muuzaji mwaminifu. Kwa kadi kubwa tumieni dxdiag, Task Manager au GPU-Z.

#9 FundiKabwe

Nimjibu dada kuhusu zile 12. Kusoma na kuandika anaweza, ila mwendo ni tofauti mno. Memori ya GDDR5 iliyo juu ya kadi ya 1650 inatoa GB 128 kwa sekunde. Kadi ikizidiwa ikaenda kuazima kwenye RAM ya mazabodi, data inapita kwenye sloti ya PCI Express, na toleo la 3.0 lenye njia 16 halifiki hata GB 16 kwa sekunde kwa upande mmoja. Umeshuka mara nane kwa kuvuka mstari mmoja. Uzito unaousikia mstari wa pamoja unapoanza kupanda ndio huo. Kwa kadi ya kuchomeka, namba ya kununulia ni ile ya kutengwa peke yake. Tumia nakala ndogo za video wakati wa kukata na kupanga, kisha rudisha 4K wakati wa kutoa kazi ya mwisho, na hiyo GB 4 itakufikisha mbali.

#10 MfyekajiChaiMufindi

Kwa wanaotumia Linux, nyongeza fupi. Kwenye mashine za AMD kama ya Mwalimu, amri ya dmesg huonyesha wakati wa kuwasha kiasi cha VRAM kilichotengwa na, kwenye mstari wa pili, kiasi cha GTT, ambacho ndicho cha kuazima. Kwenye amri ya free msiogope safu ya "free" ikiwa ndogo; kernel, yaani kiini cha Linux, huijaza RAM isiyo na kazi kwa nakala za mafaili na kuiachia ikihitajika. Safu ya kutazama ni "available", ambayo hesabu yake iliingia kwenye kernel 3.14 ya mwaka 2014. Kabla ya hapo kila mtu alikuwa anakisia kwa kujumlisha safu.

Mtu akitaka kuona kompyuta isiyo na ubishi huu, atazame za Apple za kuanzia M1 ya mwaka 2020. Memori ni moja kwa wote, inaandikwa namba moja, na hakuna mstari wa kutengwa. Shida ni kwamba ukiinunua ya GB 8 imekuwa ya GB 8 maisha yake yote, kwani hakuna sloti.

#11 MwalimuTukuyu

Ninarudi na mrejesho. BIOS yangu haina mstari wa UMA, hata baada ya kupitia kurasa zote. "Slots used" ilisoma 1 of 2, kwa hiyo nimeongeza kipande cha pili cha GB 8. Sasa ukurasa wa mfumo unasoma 16.0 na 13.9 kwenye mabano, memori iliyotengwa imebaki 2.0, ya pamoja imepanda hadi 7.0, na jumla ya GPU ni 9.0. Muuzaji akiiona ataitangaza kuwa ina grafiksi ya GB 9. Video za maabara hazikwami tena kwenye projekta, hata kivinjari kikiwa wazi.

Kuna jambo moja limebaki. Kipande kipya kimeandikwa 3200 kwenye kibandiko chake, lakini Task Manager inasoma mwendo wa 2400 kwa vyote viwili. Nimeuziwa bandia?

#12 FundiKabwe

Hapana, Mwalimu, hicho ni kizima. Ryzen 5 3500U ukomo wake ni DDR4 ya 2400, na vipande vikiwa viwili huendeshwa kwa mwendo ambao vyote pamoja na prosesa wanaumudu. Kibandiko kinaeleza uwezo wa kipande, Task Manager inaeleza mwendo kinaokwenda nao sasa. Siku ukikihamishia kwenye mashine inayokubali 3200, kitakwenda 3200.